Siku niliyozuia chai ya maprofesa nikitetea PhD yangu hapa Kisumu

Wakuu, salamu kutoka Kisumu, ambako jua la leo linaweza kukaanga samaki akiwa bado ndani ya ziwa.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Mahali nitaongeza chumvi mtaionja, mko watu wazima.

Kwa miaka mingi niliamini hivi: ukitetea PhD, halafu utolewe nje ili panel ya watahini ijadili, chai ikiingia kabla hujaitwa, umeanguka. Eti maprofesa hawawezi kumwangusha mtu wakiwa na njaa. Lazima wapate nguvu kwanza.

Aliyeniambia ni Omondi, tuliyesoma naye masomo ya jioni.

Mimi ni mtu wa ngumbaru, wakuu. Form four niliifanyia darasa la jioni nikiwa tayari baba wa watoto wawili, mchana nauza misumari na mabati Otonglo. Digrii jioni. Masters jioni. Popo wote wa Kisumu walikuwa wananijua kwa jina.

Omondi aliapa binamu yake alishuhudia. "Omera, ukiona thermos inakuja, anza kuaga watu."

Niliimeza hiyo stori nzima nzima, na kichwa chake, kama omena, hao dagaa wetu wa ziwani.

Sasa siku ikafika. Mama yangu alikuwa ametoka Port Victoria na kitenge kipya. Tasnifu yangu inahusu kazi yake, vile akina mama hukausha omena, na alikuwa ameshatangazia soko lote kwamba mtoto wake anarudi daktari.

Mimi nilikuwa nimeapa kimoyomoyo. Wakinirudisha nikaandike upya, naacha. Masomo yalikuwa yamenila mpaka suruali zinashikiliwa na maombi.

Ndani kulikuwa na external, mtahini wa kutoka nje ya chuo, mama mmoja wa miwani kutoka Nairobi. Akauliza, "Bwana, hawa akina mama waliletewa meza za kukaushia. Mbona wengi wamerudi kwa nyavu chini?"

Hilo nililijua tangu niko mgongoni. Nikamwambia mvua ya ziwa haipigi hodi. Omena ikiwa juu ya wavu, mwanamke mmoja anakunja pembe nne, anabeba, anakimbia. Ikiwa juu ya meza anahitaji mtu wa kumsaidia, na wakati huo kila jirani anaokoa yake.

Aliandika. Akaendelea kuandika. Nikaona kabisa anaandika rambirambi zangu.

Mwenyekiti wa panel akaniomba nitoke nje.

Mama alikuwa kwa benchi la korido. "Wamesemaje?"

"Bado, Mama. Wanajadili."

"Wanajadili nini, na wewe umeshawaambia?"

Kabla sijajibu, nikamwona mama wa jikoni anakuja na trei. Mandazi, na thermos mbili kubwa kama mitungi ya gesi.

Wakuu, nilijipanga kwa ule mlango kama golikipa wa penalti.

Nikamwambia mwenye trei, "Mama, mos. Ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Chai itapoa."

"Wako kwa sala."

"Hao? Tangu lini?"

Mama yangu akaingilia. "Nyathina, mwanangu, mwache apite, mikono itamkatika."

"Mama, chai ikiingia, mimi nimeisha."

Akanitazama. Halafu, bila kuuliza swali hata moja, akainuka, akaja akasimama kando yangu, akaziba nusu ya mlango iliyobaki.

Mama wa jikoni akatuangalia, mmoja baada ya mwingine. "Hii familia mna shida gani?"

Hapo mlango ukafunguka nyuma yetu. Mwenyekiti.

"Nani amezuia chai?"

Mama yangu akaninyooshea kidole papo hapo.

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Daktari," akasema, "wacha huyo mama apite."

Wakuu, mama yangu alipiga kigelegele mitumbwi ikageuka huko ziwani ikidhani imeitwa. Mama wa jikoni akaweka trei sakafuni akajiunga naye. External akatoka kusalimia, akamwomba mama yangu amwonyeshe vile wavu unakunjwa, na mama akatandaza leso pale pale kwa korido, akarusha mandazi juu yake, akakunja pembe nne, akakimbia nayo mpaka kwenye ngazi. Profesa mzima alikuwa anapiga makofi.

Nilichojifunza ni kwamba hofu ya mtu aliyesoma ni ile ile ya mtu ambaye hajasoma, imeongezewa tu references. Na kama huna mtu wa kuziba mlango na wewe bila kuuliza sababu, mtafute kabla ya supervisor.

Kama kuna uongo wa chuo uliwahi kuumeza, ulete hapo chini tucheke pamoja. Omondi naye yumo humu, mwulizeni habari za binamu.

Na wewe ambaye defense yako iko karibu, chukua maneno ya mwenyekiti, nilipomwuliza kikombe kikiwa mkononi kwa nini walikawia hivyo:

"Tulikupitisha kabla hujafunga mlango ukitoka. Muda wote huo tulikuwa tunangoja chai."