Mate Kwenye Miwani ya Baba

Mjukuu wangu ameletewa miwani ya kuogelea, na harufu ya ule mpira mpya imenikalisha kitako. Baba alikuwa akinukia hivyo hata siku ya Ijumaa, hata aoge kwa sabuni gani.

Kazi yake ilikuwa kuzamia ziwani, kule Ggaba, kung'oa magugu yaliyoziba bomba la maji ya mji. Kabla ya kuzama alikitemea mate kioo cha miwani yake, akakisugua kwa kidole gumba, akakisuuza, ili kisishike ukungu. Mwezi wa Ramadhani saumu ilimkausha kinywa, kwa hiyo alinichukua hadi ziwani na kutema ilikuwa kazi yangu, maana nilikuwa mdogo, sijaanza kufunga. Niliipenda kuliko kalimati za futari.

"Haraka, mama," alikuwa akiniambia. "Mate yakikauka hayana kazi."

Mchana mmoja wa Ramadhani, miaka ile watu walipokuwa wakichukuliwa na wanajeshi wasirudi, wanajeshi wawili walikuja nyumbani kwetu Kawempe.

"Wewe ndiye mzamiaji? Leta miwani yako. Iko kitu ndani ya maji, tunataka utoe."

Mama alisimama mlangoni na unga mikononi. Hakuuliza ni kitu gani. Baba aliitungua miwani msumarini, akachuchumaa mbele yangu.

"Tema, mama."

"Lakini Baba, ziwa liko mbali. Yatakauka njiani."

"Najua. Wewe tema tu."

Nikatema. Alikifunika kioo kwa kiganja, jua lisiyakaushe, akapanda gari lao.