Dume na Ndama Ndani ya Kompyuta

Juzi nilipeleka simu yangu kwa fundi hapa Kakamega mjini, binti mwenye kucha ndefu nyekundu. Mbele yangu alikuwa mkulima wa miwa kutoka Kabras, aliyefungua chumba cha watu kuchezea gemu. Alikuwa amekumbatia kompyuta kama kuku wa wageni.

"Nimeweka kadi kubwa ya picha, ile ya kuchora gemu kwenye skrini, na bado gemu inakwamakwama. Wateja wote wamehamia kwa jirani!"

Fundi akaiwasha. "Baba, prosesa yako, ubongo wa kompyuta, imezeeka," akasema, akigonga skrini kwa ukucha. "Hii ndiyo inaipangia kadi kazi. Ona hapa, inafanya kazi asilimia mia, imechoka kabisa, na kadi inangoja tu."

Mzee akainama, akatazama sana. "Kumbe nimefunga dume na ndama kwa jembe moja!"

Binti akambadilishia prosesa pale pale. Gemu ikawashwa, gari la kwenye skrini likateleza kama maji. Mzee akavua kofia. Mimi nikashika mdomo, simu nikaisahau.

Sasa kanisani mahubiri hayaniingii. Naangalia mabwana na mabibi wa mtaa wetu wakiingia wawili wawili kama ng'ombe wa jembe moja, na najua kabisa nani anatoka jasho na nani anangoja tu.