Kitunga Hakirudi Kitupu

Kwetu Songo, mtaa huu wa karibu na mpaka, ukirudisha kitunga cha mtu kikiwa kitupu, umemwambia asikukaribie tena. Weka hata majani mawili ya sombe, yaani kisamvu, lakini kitupu, hapana. Mimi ni jirani wa Mama Pudentienne, na maharage ya kitunga chake nimeyala sana, kwa hiyo niacheni niseme.

Miaka sita iliyopita, maneno ya chuki yalipozidi pande zote mbili za mpaka, yeye na wanawake wenzake sita walijaza kitunga unga wa muhogo wakakivusha hadi Gatumba, Burundi, kwa Inamahoro na wanawake wenzake wa huko. Kila mmoja alitia konzi yake. Kikarudi na maharage: mekundu, meupe, ya njano, ya madoadoa, kila nyumba rangi yake. Ikawa hivyo kila mwezi. Watu wa semina za amani waliwacheka. Leo semina ziko wapi?

Kisha vita vikaingia mjini. Wenzake wakatawanyika: Kalemie, kambini, mmoja kaburini. Pudentienne akabaki peke yake, na upweke ulimla. Nilimsikia akizungumza na sufuria. Lakini kwa Inamahoro aliona haya kusema. Mwezi ulipofika alitia konzi zote saba mwenyewe. Unga wa muhogo hausemi umetoka nyumba gani.

Kwa kuwa goti lake limekataa mwendo, alimpa Jeancy, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, akivushe. Njiani, kwenye kizuizi, watu wenye bunduki wakamwaga unga wote, wakitafuta sijui nini. Jeancy akafika, akakuta Inamahoro hayupo, na kwa haraka zake akaacha kitunga mlangoni. Kitupu!

"Ungekitupa mu ziwa!" Pudentienne alimfokea. "Sasa atasema minye njo nimemukataa."

Akapiga simu. Haikupokelewa. Wiki tisa, kila asubuhi, simu ililia huko ng'ambo ikanyamaza. Nilimwambia aache. Siku hiyo hakunisalimu.

Wiki ya kumi Jeancy akaja na kitunga kimejaa maharage. Hajakitua vizuri, simu ikalia.

"Weye Pudentienne," Inamahoro alisema kwa sauti iliyonifikia hadi mlangoni, "nilikasirika sana. Kitunga nilikitundika ku musumari, sikutaka hata kukiangalia. Juzi nikakishusha nikitupe, nikakikung'uta, unga uliokwama ndani ukaniangukia ku miguu. Njo nikajua kilitoka kwako kimejaa. Unisamehe, dada."

Pudentienne alicheka huku akilia. Mkono wake ulikuwa ndani ya kitunga, ukiteka maharage na kuyaachia. Ya njano. Akachimba hadi chini. Yote ya njano, yale ya shamba la Inamahoro, wala hakuna jekundu hata moja.

Mkono ukasimama.

"Wamama wa huko wako wazima?" akauliza polepole.

"Wako. Na wa huko?"

"Wako. Wote wanakusalimia."

"Na hawa vilevile."

Kila mmoja akashikilia simu sikioni. Hakuna aliyetaka kukata wa kwanza.

Alipoiweka chini, alinitazama mimi niliyekaa pale mlangoni, tayari nanusa maharage.

"Mama jirani," akasema, "iko na unga kwako? Leta konzi moja."

Niliona aibu. Miaka sita nilikula maharage ya watu, na sikuwahi kutia hata konzi moja. Nikainuka kwenda kuuleta.