Salamu Zinakaza Msuli

Mtaalamu wetu wa viungo hapa Lushoto ana mikono laini isiyojua jembe, na kwa mikono hiyo hutuchoma visindano vyembamba visivyo na dawa, pale penye fundo la msuli linalouma. Vinasaidia, hilo simnyimi. Ila hasalimii mgonjwa. Ukifungua mdomo tu anakukata: "Salamu zinakaza msuli. Lala kifudifudi."

Hata Bi Salama wa Malindi, kijiji cha huku huku milimani, aliyeanza kubeba matenga ya kabichi kabla huyu hajazaliwa, juzi aliambiwa hivyo hivyo. Akalala kimya, visindano vinne vimemsimama begani, nami nimekaa kwenye benchi nangoja zamu yangu. Mara akaingia bosi wake mpya kutoka Tanga, kijana wa rika la kitinda mimba wa mtaalamu. Mtaalamu akaweka pamba chini, akainama, viganja kifuani, sauti imelainika kama uji wa mgonjwa: "Shikamoo, mheshimiwa." Kijana wa watu akaona haya, akatazama sakafu, asijue aitikie nini. Ndipo Bi Salama, uso bado umezama kwenye mto, akaitikia taratibu: "Marahaba, mwanangu. Wala msuli haujakaza."