Nilimwita Dereva Wangu Mwizi kwa Sababu ya Filta ya Oili

Jina langu naliacha kando, maana soko la hapa Likasi linanijua. Lakini kosa ni langu, na sitafuti pa kulificha.

Mimi ni mama muuza samaki. Nilikuwa na gari dogo la mizigo lililokwenda ziwa Tshangalele kuchukua samaki asubuhi. Dereva wangu, Ramazani, alianza nami tangu nilipolipata. Mtu wa maneno machache, wa msikiti wake na nyumba yake.

Vipuri nilinunua kwa mdogo wangu, mwenye duka hapa mjini. Huyo nilimbeba mgongoni mwenyewe akiwa mtoto, mama yetu alipougua. Ningemchunguza vipi?

Siku ya kubadilisha oili, Ramazani aliigeuzageuza filta mpya niliyomletea, akabonyeza mpira wake kwa kidole.

"Mama, miye siiamini hii. Iko mwepesi, na mupira wake iko mugumu kama kuni. Turudishe."

"Weye unataka kusema ndugu yangu ananiuzia takataka?"

"Sisemi vile, mama. Nasema tu yenye naona."

Nikamwambia aifunge. Akaifunga.

Haukupita muda, injini ikaanza kugonga kila ilipowashwa asubuhi. Kisha taa ya oili ikawa inawaka njiani. Ramazani aliniomba tulisimamishe gari kwanza. Nilikataa, samaki hawangoji. Ndipo siku moja injini ikakwama na kuzima katikati ya barabara ya ziwa, na samaki wote wakaoza juani.

Fundi alitoa filta, akaikata. Karatasi ya ndani ilikuwa imechanika, vipande vimeziba njia za oili. Nikakimbia dukani kwa mdogo wangu. Hakushtuka hata kidogo, akaniita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa.

"Yaya, filta yangu haina neno. Uliza dereva wako. Aliuza oili mupya, akaacha ya zamani. Oili chafu ndiyo inapasua filta."

Nikaamini. Niliamini kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi kuliko kuishuku damu yangu. Nilimkuta Ramazani sokoni, nikamwita mwizi mbele ya wamama wote. Aliweka ufunguo juu ya meza ya samaki, akaenda zake.

Jumapili moja, muda mrefu baadaye, nilitoka misa nikapitia kwa mdogo wangu. Gari lake lilikuwa limeinuliwa uani, anabadilisha oili. Mke wake akatoka chumbani na filta iliyofungwa vizuri kwenye boksi lake. Nikamuuliza, mzaha tu, kwa nini wasichukue moja dukani, na rafu zimejaa.

Akacheka. "Ile ya duka? Ile ni ya kuuzia batu, yaya."

Mdogo wangu alitoka chini ya gari. Alimtazama mke wake kwanza, kisha mimi.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Yaya, kila mutu anauza ile. Nilifikiri itakufikisha mbali kidogo."

"Na Ramazani?"

Akafuta mikono. "Ulitaka niseme nini?"

Nilimwendea mama yetu nikilia. Akaniambia nifunge mdomo, nisiivunje familia kwa kipande cha chuma. Hapo ndipo niliposalitiwa mara ya pili.

Ramazani nilimkuta Kambove, anawabebea wachimbaji mifuko ya madini kwa pikipiki. Nilimpigia magoti nyumbani kwake, mke wake akiona. Ramazani mwenyewe akaninyanyua.

"Nimekusamehea, mama. Lakini batoto yangu walisikia soko muzima inaita baba yao mwizi. Kazi yako sitairudilia. Rudi nyumbani."

Gari liko uani kwangu, kuku wanalala ndani. Mdogo wangu bado anauza.

Wewe unayesoma, filta ishike kwanza mkononi. Ilinganishe uzito na ile ya zamani. Bonyeza mpira, uwe laini. Chungulia ndani ya matundu, kusiwe na chembe za chuma wala karatasi iliyokaa ovyo. Fundi au dereva akikwambia irudishe, irudishe, hata kama wewe na muuzaji mmenyonya ziwa moja.

Na usimchafue mtu mbele ya watu kwa neno la ndugu. Nilirudi sokoni kuwaeleza wale wamama ukweli. Siku ya kumtukana Ramazani walikuwa wameacha kazi zote kunisikiliza. Safari hii waliendelea kupanga samaki.