Jina Katika Ubeti wa Mwisho

Harufu ya dagaa ndiyo iliyokuwa saa yetu pale Ikola. Ikikolea, tulijua wakati wa kuwageuza umefika, nami na Sesilia, binti wa mama yangu mdogo, tuliinama juu ya mchanga wa moto mpaka migongo ikaungua. Sesilia alikuwa na kigugumizi. Kuomba chumvi tu kulimchukua muda mrefu, na wenzetu hawakuwa na subira. Lakini tukiwa wawili alitunga mashairi kwa sauti ya chini, akihesabu mizani kwa vidole vyenye magamba, wala hakukwama hata mara moja. Mimi niliyahifadhi kichwani. Hakuna mwingine aliyeyasikia.

Nilipokuwa darasa la sita, parokia ilitangaza mashindano ya mashairi ya dini kwa vigango vyote, yafanyike Karema. Mtunzi wa shairi bora angesomeshwa na masista Mpanda. Kughani aliruhusiwa mtu mwingine, mradi mtunzi atajwe katika ubeti wa mwisho, kama ilivyo desturi ya washairi tangu zamani. Sesilia alitunga beti nane kuhusu Petro anayezama majini, na sisi watu wa ziwa tulijua kuzama ni nini. Tukapatana: yeye atunge, mimi nighani. Ubeti wa mwisho ulianza hivi: “Jina langu Sesilia, kwa Bwana nimetulia.”

Siku ya siku, uwanja wa kanisa ulijaa pomoni. Kila ubeti niliomaliza, kinamama walipiga vigelegele, na padri alikuwa akitabasamu. Sijui shetani gani alinipanda. Nadhani ni tamaa tu, tusimsingizie shetani. Nilipofika mwisho nikasema, “Jina langu Veronika.” Mizani ilitimia, ila kina kilivunjika. Katekista mzee aliinua macho ghafla, kisha akayashusha. Nilimwona Sesilia katikati ya watu, mdomo wazi, shingo imemtoka mishipa, akisukuma neno lisilotoka. Nilijua makofi yangeisha kabla hajalitoa. Nililijua hilo kabla sijafungua kinywa, na ndilo linalonitesa mpaka leo.

Ndani ya boti ya kurudi, mama mdogo alinikumbatia. “Umetutoa kimasomaso, mwanangu,” akasema, na Sesilia akawa anatazama maji. Tangu siku ile tuligeuza dagaa kimya kimya hadi nilipoondoka. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha Mpanda, ikanipa shule, kazi na nyumba ya bati.

Siku hizi vijana wa makanisa ya Mpanda wananialika niwe jaji wa mashindano yao ya kughani jukwaani. Wana vipaza sauti na midundo nyuma yao, simu zimeinuliwa juu, watu wanapiga kelele “Moto! Moto!” katikati ya sala. Wazee wananuna, mimi ninapenda. Mshereheshaji hutangaza jina la kijana kabla hajaanza, kwa hiyo hakuna anayelitia tena katika ubeti wa mwisho. Wananiita mama mshairi. Sijawahi kutunga ubeti mmoja unaozifikia zile nane.

Majuto ni mjukuu, na wangu sasa ni mtu mzima. Mwaka jana nilikwenda Ikola kumwomba Sesilia msamaha. Nilimkuta uani anachambua mchele. Nilikosa pa kuanzia, nikaanza kughani lile shairi, nikikusudia kulimaliza kwa jina lake. Ubeti wa tatu haujaisha, akanishika mkono.

“Na-nalikumbuka hilo, Vero. Shairi lako la Karema.”

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli. Haikuwepo.

“Ni lako, dada,” nikamwambia. “Ulilitunga wewe. Mimi nilikuibia.”

Akacheka mpaka ungo ukatikisika.

“Nyie wa mjini bwana, kwa utani! Mi na ki-kigugumizi hiki, nitunge shairi?”