Uzito wa Nyuma Kushoto

“Uzito inakaa pande mbili! Nani alikufundisha kupakia mutumbwi?”

“Papa, pande mbili inazaa mawimbi ya bata!”

Niliwakuta hivyo kando ya ziwa, mwenye mtumbwi wa moteri na binti yake. Binti alitaka kuteleza juu ya wimbi linalofuata mtumbwi, amesimama kwenye ubao, bila kushika kamba. Baba alimpa jaribio moja tu, katika safari hiyo tuliyopanda sisi abiria. Likishindikana, ubao unageuzwa kiti cha abiria.

Binti akahamishia nyuma kushoto mifuko yote ya mchanga iliyosawazisha mtumbwi. Tulipoondoka, yeye akivutwa kwa kamba juu ya ubao, bado wimbi lilikuwa dogo. Abiria mmoja, mama mnene anayeuza maharagi, akajipiga kiunoni. “Si mimi niko hapa?” Akahamia juu ya mifuko, nami nikajibana kando yake. Baba akapunguza mwendo. Wimbi likainuka upande wetu, refu na laini, na binti akaachia kamba, akabaki amesimama. Baba akapiga kelele za furaha kuliko sisi wote.

Huku kwetu tunafundishwa kusawazisha mzigo, hata wa chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma. Kumbe kuna wimbi linalotaka tuegemee upande mmoja.

Nilimsaidia mama kubeba maharagi mpaka kwake. Mlangoni akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

“Kesho ni mimi niko juu ya ubao. Weye kula muzuri, utakaa nyuma.”